Kiumbe Kile au Kiumbe Yule? Kisa cha Karatasi 38 za Kidato cha Tano

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika darasa la Kidato cha Tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kwenye shule moja ya bweni wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, ambako ninafundisha Kiswahili na kushika vipindi vya fasihi ya Kiingereza pale mwalimu wake anapozidiwa. Wanafunzi 38 walisoma sehemu za riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, wakaandika kwa Kiswahili tafakuri ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu upweke, nami katika kuzisahihisha nikakuta kwamba mambo mazito waliyoyasema yalikuwa yamejificha mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili hupita na kalamu nyekundu bila kufikiri mara mbili, yaani kwenye viambishi vya upatanisho, vile vipande kama a- na ki- vinavyokifungamanisha kitenzi na nomino yake.

Riwaya hiyo haikuwa miongoni mwa vitabu vyetu vya mtihani. Niliichagua kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya ukata tu: kitabu kilichotolewa London tarehe 1 Januari 1818 hakidaiwi haki na mtu yeyote leo, kinapatikana bure kwenye intaneti, na kilichobaki ilikuwa kutafuta fedha ya kuchapisha barua za mwanzo na sura chache kwenye duka la steshenari mjini Dodoma, kisha kuzitoa fotokopi. Sababu ya pili ni umri. Mary Shelley alianza kuiandika mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva, akiwa na miaka 18, na huo ndio umri wa wengi waliokuwa wamekaa mbele yangu. Nilipowaambia hivyo, sauti moja kutoka nyuma iliuliza alikuwa kidato cha ngapi, darasa zima likacheka, na nadhani hapo ndipo kitabu kilipoacha kuwa cha Wazungu wa kale.

Kwa msomaji asiyeifahamu, hadithi ni hii. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, anaunganisha viungo vya maiti na kuvitia uhai, lakini jicho la alichokiunda linapofumbuka anashikwa na kinyaa na kukimbia. Aliyeumbwa anabaki bila mlezi na bila jina. Anajificha katika kibanda kilichopakana na nyumba ya familia ya De Lacey, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, na siku moja anajitokeza kwa mzee wa nyumba ile, ambaye haoni. Mzee anampokea vizuri. Mwanawe Felix anaingia na kumpiga fimbo. Baada ya hapo huruma inageuka kisasi, na ndugu na rafiki za Victor wanauawa mmoja baada ya mwingine. Yote haya yamo ndani ya barua ambazo nahodha Robert Walton, aliye safarini kuelekea ncha ya kaskazini ya dunia, anamwandikia dada yake Margaret aliyeko Uingereza.

Swali nililowapa lilikuwa hili: chagua mahali pamoja ambapo ulimwona mhusika akiwa peke yake, eleza alikuwa wapi, kisha eleza wewe msomaji ulikuwa umesimama wapi. Niliwakataza kuandika vichwa vidogo vya dhamira, ujumbe na falsafa. Wanafunzi wetu wamezoezwa kuichinja kazi ya fasihi na kuigawa mafungu ya fani na maudhui kabla haijaacha kupumua, na iwapo ningewaachia njia hiyo, ningepata karatasi 38 zinazosema kwamba jamii inapaswa kuacha kushindana na Mungu.

Nilianza kusahihisha Ijumaa jioni, umeme ukiwa umekatika na taa ya sola ikiwa juu ya rundo la madaftari. Karatasi ya kwanza ilikuwa na sentensi hii: "Kipofu alikaa karibu na moto, kiumbe kikagonga mlango, kipofu akakikaribisha." Nikaizungushia duara, nikiwa tayari kuandika pembeni kanuni ambayo kila mwanafunzi ameisikia tangu shule ya msingi, kwamba nomino zinazotaja viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake ni la KI-VI. Ndiyo maana husemwa kijana anasoma, kiongozi amefika, kiziwi anacheka. Kalamu ikasita. Mwanafunzi huyu kanuni anaijua. Katika sentensi ileile moja ana nomino mbili zinazoanza kwa ki-, na ya kwanza ameipa a- bila taabu yoyote. Kipofu kwake ni mtu, na kiumbe ni kitu kinachobisha hodi.

Nikaziangalia karatasi nyingine upya, safari hii nikifuatilia viambishi tu. Zaidi ya nusu zilianza na ki-: kiumbe kile kilifumbua jicho, kilinyanyua pazia, kilinyosha mkono. Wachache walitumia zimwi, jitu au dubwana, na hao walikwenda na li-. Haiwezekani kuyaita yote haya makosa ya sarufi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinaruhusu mtu kuondolewa kwenye A-WA pale msemaji anapotaka kumdogosha, kumkuza kwa kutisha au kumdharau. Ndivyo tunavyosema kitoto kile kinalia, jitu lile linakuja. Hata methali inayosema zimwi likujualo halikuli likakwisha inampa zimwi li-, ingawa ndani yake mna zimwi lenye kumbukumbu na hata lenye kiasi. Msichana mmoja anayetoka Mpwapwa aliitumia methali hiyo kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Aliandika kwamba zimwi la Victor lilikula likamaliza kwa sababu hakukuwa na hata mtu mmoja duniani ambaye lilikuwa linamjua naye akalijua, na anayelaumu ulaji wake aulize kwanza nani alikubali kujulikana nalo.

Kilichonikalisha hadi usiku si namna walivyoanza bali mahali walipobadilika. Karatasi nyingi zilizoanza na ki- hazikumaliza na ki-, na kwa kundi kubwa badiliko lilitokea kwenye kuni. Katika kitabu, kiumbe anagundua kwamba kijana wa nyumba ile anatumia sehemu kubwa ya siku kutafuta kuni, basi usiku anachukua zana zake, anakwenda msituni na kurudi na kuni za kutosha siku kadhaa, anazirundika nje na kujificha. Asubuhi Agatha, binti wa nyumba ile, anafungua mlango na kushangaa. Kabla ya hapo alikuwa akiiba sehemu ya chakula chao, lakini alipoona kwamba wanalala njaa aliacha, akaishi kwa matunda ya mwituni na mizizi. Wanafunzi waliofika hapa waliandika "kilikuwa kimejificha", na baada ya mistari miwili, bila kutangaza lolote, "akabeba kuni".

Naamini ni kuni, na naamini ni Dodoma. Mahali ambapo miti ni mifupi na iko mbali, na mzigo mmoja wa kuni unaweza kumla mama nusu ya siku, mtu haambiwi kazi ile ni kitu gani. Mwanafunzi mmoja alipima: aliandika kwamba kuni za siku kadhaa ni mizigo mitatu au minne, kwamba kata ya kichwani haimtoshi mtu kwa mizigo hiyo, na kwamba anayefanya hivyo usiku bila kutaka ashukuriwe "amewapita hata baadhi ya wakwe". Wanaotoka Chamwino na Bahi walikielewa upesi pia kibanda chenyewe. Wamezikuta tembe za wazee wao, nyumba za paa la udongo ambamo usiku mtu aliyelala husikia mbuzi wakicheua upande wa pili wa ukuta, na mmoja akaeleza kwamba kinachouma pale si baridi; ni kusikia watu wakiitana kwa majina ukiwa umbali wa mkono mmoja, na jina lako halimo.

Humo humo nilikuta tofauti ya maneno ambayo sikuifundisha. Mwanafunzi mmoja alisema Victor ni mpweke na kiumbe ni mkiwa. Mpweke, alieleza, anaweza kuwa amejitenga mwenyewe, kama Victor anavyojifungia na kazi yake hadi anasahau kumwandikia baba yake na ndugu. Mkiwa ameachwa, na wa kuachwa hana ufunguo wa mlango. Ingekuwa mtihani wa isimu ningedai ushahidi zaidi. Nilimpa alama zote.

Sehemu ngumu ya kisa ilikuja Jumatatu. Katika baadhi ya karatasi ki- ilikuwa imerudi. Waliokuwa wamempa a- kwenye kuni, na kuishikilia hata kwenye fimbo ya Felix, walipofika kwenye mauaji ya mtoto William, mdogo wake Victor, waliandika "kikamkaba mtoto". Niliandika ubaoni sentensi tatu kutoka kwenye karatasi moja, bila kusema ni ya nani, nikapigia mstari viambishi tu, nikauliza wanaona nini. Kimya kikawa kirefu. Kisha kiranja wa darasa akasema kwamba ni haki yake kurudishiwa ki-, kwa sababu mtu anayeua mtoto amejivua utu mwenyewe, na sisi tunaandika tu alichokifanya. Wengi waliitikia. Katika Kiswahili hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, maana kila siku tunasema fulani hana utu, au fulani si mtu, na anayesemwa hivyo yupo mbele yetu ana miguu miwili na kitambulisho.

Aliyejibu alikuwa yule msichana wa Mpwapwa. Alisema kwamba kisu kikimkata mtoto hakishtakiwi, jiwe likimwangukia mtu halifungwi, na ng'ombe akimpiga mtu pembe anayetafutwa ni mwenye ng'ombe. "Kama ni kitu, basi hakina kosa," alisema, "na kama ana kosa, mrudishieni a- yake kwanza ndipo mumhukumu." Akaongeza kwamba hata neno muuaji limo katika A-WA. Kiranja akataka kujibu, akakaa. Mimi nimesoma tahakiki kadhaa za riwaya hii, nyingine zilizoandikwa na watu wa vyuo vikubwa, na sikumbuki kukutana na hoja hiyo ikiwa imesemwa kwa ufupi wa namna ile.

Ili wasidhani kwamba jambo hili ni la Kiswahili peke yake, niliwarudisha kwenye Kiingereza. Katika sentensi ambayo jicho la manjano linafumbuka, Shelley anatumia kiwakilishi kinachotumika kwa vitu: kilipumua kwa nguvu, viungo vyake vikatetemeka. Katika aya inayofuata, Victor anapoanza kueleza umbo lake, kiwakilishi ni cha mwanamume, na kinaendelea hivyo kwenye mandhari ya chumbani, pale mkono unaponyoshwa kuelekea kwake naye anatoroka. Mwandishi mwenyewe amevuka mpaka ndani ya nusu ukurasa. Niliongeza maelezo mawili ya maisha yake. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki tarehe 10 Septemba 1797, siku 11 baada ya kumzaa. Na mwaka 1815, mwaka mmoja kabla ya kuanza riwaya hii, Mary alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto alikufa siku chache baadaye bila kupewa jina, na baada ya hapo mama aliandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto amefufuka, kwamba alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua karibu na moto akaishi. Katika maneno ya shajara ile mtoto naye anatajwa kwa kiwakilishi cha vitu, kama Kiingereza kinavyoruhusu kwa watoto wachanga. Darasa lilinyamaza. Mmoja aliyekuwa ameandika kwamba mkono ule ulinyoshwa ili kumkaba Victor aliomba arudishiwe karatasi yake, akasema dada yake alijifungua Juni na mtoto hunyosha mkono vilevile, hana anachokitaka zaidi ya kushika.

Sasa nifike kwenye karatasi iliyonifanya niandike haya yote.

Katika karatasi 38, moja tu ilikuwa na a- kutoka sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, kabla ya jicho kufumbuka, kwenye kuni, kwenye mauaji, kila mahali. Ilikuwa ya mvulana aliyeripoti katikati ya Agosti, zaidi ya mwezi baada ya wenzake, akitokea Kigoma. Alikuta vitanda vimegawanywa, madawati yamepata wenyewe na urafiki umekwisha kufungwa, akapewa kiti cha dirishani upande unaoingiza vumbi. Darasani wanamwita Kigoma. Walimu ofisini tunamwita yule wa Kigoma, na nasema tunamwita kwa sababu nami nimo. Nilipotaka kuingiza alama zake nilihitaji kufungua rejista ili kulitafuta jina lake.

Nilimwita wakati wa mapumziko, nikiwa nimejiandaa, nakiri, kusikia jambo la kina. Nilimwonyesha kwamba yeye peke yake hakuwahi kumwita kiumbe kwa ki-, nikamuuliza ni kwa nini. Aliiangalia karatasi, kisha akanitazama kama mtu anayeshuku kwamba ametegwa. "Ni kanuni, mwalimu," alisema. "Viumbe hai wote ni A-WA. Shule ya msingi tulichapwa sana kwa hilo." Nikamuuliza kama hakuwahi kufikiri kwamba kiumbe huyu anaweza kuwa tofauti. Akasema hakujua kwamba kuna kuchagua.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumjengea kijana wa watu falsafa kichwani mwangu. Jibu lake, hata hivyo, limekaa nami kuliko falsafa ile ingekaa. Sarufi inayofuatwa bila hisia ilimlinda kiumbe vizuri kuliko huruma ya darasa zima, maana huruma ilisubiri kuni, na ilipoona damu iliondoka. Sijui kama ninataka kuishi na hitimisho hilo, na mwalimu mwenzangu wa fasihi analipinga kabisa. Anasema kanuni isiyojua inamlinda nani haijamlinda mtu.

Kuna jambo lingine katika karatasi yake ambalo wakati wa kutafuta viambishi nilikuwa nimelipita. Swali liliwataka wachague mhusika aliye peke yake, na takriban wote walichagua kiumbe, wachache Victor. Yeye alichagua nahodha. Aliandika kuhusu barua ya pili, ambapo Walton, aliye Archangel akiwa amekwisha kukodi meli na sasa anakusanya mabaharia, anamwambia dada yake kwamba hana rafiki. "Nahodha anaajiri watu kila siku," aliandika, "anakula nao na anawasifu, lakini hana wa kumwambia kitu. Ndani ya kitabu hakuna hata barua moja ya dada yake." Penye sehemu ya pili ya swali, yaani msomaji alikuwa amesimama wapi, aliandika neno moja: melini.

Nilimuuliza patroni wa bweni lao, ambaye Jumamosi ndiye anayeshika simu ambayo wanafunzi hupigia nyumbani. Alisema kijana yule hupanga foleni kama wengine, tena mapema, na zamu yake ikikaribia huwaachia walio nyuma wapite. Patroni alidhani ni adabu. Mimi sikumuuliza kijana, na sijaamua hadi leo kama kutouliza kule kulikuwa heshima au uvivu.

Kuhusu alama, sikumkata mtu yeyote kwa ajili ya ki-, jambo ambalo mkuu wa idara alitaka nilieleze kwa maandishi, nami nikaeleza kwamba kosa ni pale mwandishi asipojua anachokifanya. Kwa marudio ya kazi tulikubaliana kwamba kila mmoja achague upatanisho na aushikilie, au aubadilishe huku akisema kwa nini. Wengi walikwenda na a-. Watatu waligoma. Mmoja wao, kiranja, aliandika vizuri kuliko mara ya kwanza, na sentensi yake ya mwisho, ambapo kiumbe anaruka kutoka kwenye dirisha la meli na kuchukuliwa na mawimbi, ilisema kwamba kilipotea gizani, kisha ndani ya mabano, kwa mwandiko mdogo: alipotea.

Katika kipindi cha mwisho cha kitabu hicho nilikuwa nafuta ubao nilipogeuka na kukuta mkono umenyoshwa dirishani. Tangu Agosti sikuwa nimeuona mkono ule.

"Mwalimu, zile barua zilimfikia dada yake?"

Nilianza kusema kwamba kitabu hakituambii, lakini kiranja alikuwa amekwisha kugeuka kwenye kiti chake.

"Zilifika. Kama hazikufika, sisi tumezipata wapi? Tunazosoma ni zile zilizokuwa kwa dada."

"Na za dada mbona hazimo?"

"Za dada anazo nahodha," akadakia msichana wa Mpwapwa. "Ziko naye melini. Wewe utazisomaje?"

Mvulana akafikiri. Akasema kwamba hilo ni la kudhani tu, kwa sababu meli ilikuwa imekwama kwenye barafu, na barua ingempitia wapi. Kiranja akamwambia afungue barua ya pili, mwishoni, pale nahodha anapomwomba dada aendelee kumwandikia. Mtu haombi kuendelezwa jambo ambalo halijaanza. Mvulana akasimama, akaenda hadi kwenye dawati lao, kwa kuwa nakala yake ilikuwa imekosa ukurasa huo, na vichwa vitatu vikainama juu ya fotokopi moja.